Maji ya Sato wa Kamugisha

Kila nikiikumbuka ile Jumamosi niliyosugua tangi la kaka yangu Kamugisha mpaka likang'aa, natamani nijichape kiboko mwenyewe, mzee mzima na mvi zangu. Na wewe jana, mwanangu Kemilembe, unanipigia simu kutoka Hamugembe mpaka huku Buganguzi, unacheka, unaniambia, "Babu, nimepata tangi kubwa la kioo. Nimeliosha kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, linametameta. Kesho namhamishia humo samaki wangu." Mawe, mama yangu! Ukadhani simu imekatika kwa ajili ya mtandao. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Nilikata mimi, maana ningeendelea kukusikiliza ningetamka maneno ambayo babu hapaswi kumwambia mjukuu wake.

Sasa umekuja, vizuri. Kaa hapo. Hiyo simu iweke mezani, kifudifudi, nisiione inawaka. Samaki wako hatakufa kwa kulala siku moja zaidi kwenye tangi lake dogo, lakini kwenye hilo jipya ulilolisugua angekufa kabla hujamaliza kumpiga picha.

Kaka yangu Kamugisha alinizidi miaka minane. Kabla ya ile vita ya mpakani alifanya kazi mjini Bukoba, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja Mhindi. Mzee yule alikuwa na tangi kubwa la kioo kando ya kaunta, na ndani yake samaki wadogo wekundu, na alimfundisha Kamugisha kuwatunza. Vita ikaja, mabomu yakatutisha, watu wakakimbia, na baada ya vita mzee yule na familia yake wakaamua kuondoka kabisa. Wale samaki wekundu walikuwa wamekufa zamani. Tangi akamwachia kaka. Kaka hakuwa na samaki wa kuweka humo, basi kwa miaka mingi lilikaa stoo kwake Hamugembe, na mkewe, Mungu amrehemu, akalifanya la kuhifadhia maharage.

Halafu kaka akaanza biashara ya samaki wakavu kutoka visiwa vya Muleba. Safari moja akarudi na katoto ka sato ndani ya chupa ya chai, kakubwa kama kidole gumba. Tulimcheka sana. Akakaweka kwenye kitangi kidogo alichogongesha kwa fundi wa vioo, akakalisha, kakakua, kakawa sato kwelikweli, wa kumtosha mtu na ndizi zake. Kila mgeni akiingia pale nyumbani alitazama kwanza kitangi, kisha jiko. Shangazi yetu alisema wazi kwamba kumlisha sato badala ya kumla ni wazimu.

Miaka ile, mwanangu, ilikuwa miaka mibaya. Mkewe kaka alitangulia. Mwaka uliofuata kaka mwenyewe akaanza kukonda. Wakati huo ugonjwa huu wa ukimwi watu waliuita Juliana, wakinong'ona, na ukipita barabarani na mtu wa nyumba yenye mgonjwa ulisikia wanaacha kuongea. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliacha shughuli zangu zote nikaenda Hamugembe kumuuguza.

Kaka alipolazwa kitandani asiinuke tena, tulikisogeza kitangi chumbani kwake. Basi akawa anamtazama sato siku nzima. Na alichokiona kilimuumiza, kwa sababu sato alikuwa amekua mno, hawezi tena kugeuka. Alienda mbele akagusa kioo, akarudi kinyumenyume akagusa kioo. Siku moja kaka akaniambia, "Mutalemwa, kamwage yale maharage. Lete tangi la Mhindi hapa, mbele ya kitanda. Nataka nimwone huyu akigeuka, hata mara moja."

Hilo tu. Mtu anakufa, anajua anakufa, na haombi kingine. Haombi dawa, maana dawa haikuwepo. Anaomba kumwona sato wake akigeuka.

Nikalileta. Nikaliosha kwa maji matupu kama alivyoagiza. Nikalijaza maji ya ziwa, nikabeba madumu kwa baiskeli mpaka mgongo ukaniuma. Kisha akaniambia nichukue nusu ya mawe ya kitangi kidogo, yale yenye utelezi, niyaweke kwenye tangi kubwa bila kuyaosha. Na kila siku nidondoshe humo punje mbili tatu za chakula cha samaki zioze.

Nikamuuliza, "Kaka, samaki hayumo, namlisha nani?"

Akanieleza, akihema kati ya maneno. Samaki anakojoa kwenye maji hayo hayo anamovuta pumzi, na mkojo wake unamchoma mashavu. Kwenye ule utelezi wa mawe kuna vidudu wema, hatuwaoni kwa macho, wanaoula ule uchafu. Lakini ni wachache, tangi ni kubwa, sharti wazaliane kwanza. "Wape wiki tano," akasema. "Mhindi alinifundisha hivyo, na kila alipoharakisha aliua samaki."

Nikasema sawa. Kusema sawa ni rahisi. Hata wewe jana ungesema sawa.

Wiki ya tatu ikafika. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, kioo kimeota ukijani, na ukiinamia unasikia harufu. Kaka naye alikuwa amekuwa mifupa. Na watu walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa, kama ilivyo desturi yetu, wanaingia, wanakaa, wanatupa jicho kwenye lile tangi. Nilisikia jirani mmoja akimwambia mwenzake mlangoni kwamba ugonjwa uko kwenye yale maji. Shangazi ndiye aliyenimaliza. Alinivuta nje kwa mkono, akaniambia, "Wewe mtoto, una akili kweli? Wauguzi wametwambia tufue kila kitu kwa dawa, tuchemshe kila kitu, na wewe unamwekea mgonjwa bwawa la kuoza puani!"

Aibu ilinishika. Na si aibu peke yake, nitakwambia ukweli: niliogopa. Nilikuwa nikimtazama kaka usiku na mchana, nikajiambia, huyu hamalizi wiki mbili. Nikajiona nina busara kuliko yeye.

Jumamosi ile kaka alikuwa amelala usingizi mzito wa homa. Nikamwaga maji yote. Nikasugua tangi kwa mchanga na sabuni ya unga, kisha nikapitisha ile dawa ya kufulia waliyotupa wauguzi. Mawe yote nikayachemsha kwenye sufuria, ya tangi kubwa na ya dogo, nikijisifu moyoni. Sato nikamweka kwenye beseni. Halafu, kwa kuwa mjinga akianza haishii njiani, nikamimina maji ya moto kwenye kitangi kidogo ili nacho kitakate. Kikapasuka pande mbili! Hapo ningepaswa kuzinduka. Wapi! Nikasema, basi, si tunalo kubwa? Nikalijaza maji ya bomba, nikamtumbukiza sato.

Kaka akaamka jioni, jua bado liko dirishani. Akageuza kichwa. Sato alikuwa juu kabisa ya maji, amelala ubavu, anapiga mdomo hewani, mashavu yamekuwa mekundu kama nyama mbichi.

Nilitegemea atatabasamu, mwanangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kichwa maji.

"Umefanya nini?" akaniuliza. Kisha akainusa ile dawa. "Mtoe. Mtoe sasa hivi, mpeleke kwenye pipa la nje, kwenye maji ya mvua." Nikamtoa. Niliporudi alikuwa analia, na kaka yangu hakulia hata siku ya kumzika mkewe. Akasema, "Mimi ninayekufa nimeweza kungoja. Wewe mzima umeshindwa nini?"

Nikatoka nje kukaa kando ya pipa mpaka usiku.

Sato alipona. Kila siku asubuhi nilipunguza maji ya pipa na kuongeza ya ziwa, kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe. Tangi likaanza upya kabisa, na safari hii bila jiwe hata moja lenye utelezi, kwa kuwa nilikuwa nimeyachemsha yote. Mara mbili nilitia humo vifuru, vile visamaki vidogo vya ziwani, kujaribu, mara mbili vikafa. Wiki zikapita. Kaka akawa analala ameelekezwa kwenye tangi la maji matupu. Watu walipomuuliza anatazama nini, aliwajibu, "Nangoja maji."

Nilimsihi. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, "Kaka, nimlete japo dakika kumi, umwone akigeuka, nimrudishe." Akanikasirikia, kwa sauti iliyobaki: "Umemchoma mara moja kwa ajili yangu. Hutamchoma mara ya pili kwa ajili yangu. Sato hajakukosea kitu."

Akafariki Jumanne, wiki ya sita baada ya ule upuuzi wangu. Tulimleta huku Buganguzi, tukamzika kwenye kibanja cha baba, pale nyuma ya migomba, unapajua. Niliporudi Hamugembe baada ya matanga nilitia vifuru viwili. Siku ya kwanza wazima, ya pili wazima, ya nne wanakimbizana. Nikaenda kwenye pipa nikambeba sato.

Akasimama kidogo kwenye kona. Akaenda mbele, taratibu, akafika mwisho wa kioo. Akageuka. Akageuka tena. Na mimi nimekaa juu ya kitanda kisicho na mtu wala shuka.

Sasa hesabu mwenyewe, wewe msomi. Siku ile niliposugua zilikuwa zimebaki wiki mbili. Kaka aliishi wiki sita. Angemwona sato wake akigeuka mwezi mzima, asubuhi na jioni, mpaka amchoke. Mimi ndiye niliyemnyima. Si Juliana, ni mimi na sabuni yangu, na nilifanya kwa sababu nilimpenda na niliona siku zinakwisha.

Basi nisikilize, maana sitarudia na nimeshachoka. Rudi Hamugembe. Lisuuze hilo tangi kwa maji matupu mara nyingi mpaka harufu ya dawa iishe, kisha lianike. Lijaze maji yasiyo na dawa. Chukua mawe na sponji chafu kutoka kwenye tangi lako dogo, lakini usichukue yote, hayo mengine mwachie samaki. Tia chakula kidogo, acha kioze. Majirani wakikuambia kunanuka, waambie wazibe pua. Tia kwanza samaki wadogo wawili, ungoje. Hao wadogo wakikaa wazima, ujue maji yamekamilika, mhamishe huyo mkubwa pamoja na ndoo kadhaa za maji yake mwenyewe. Na mtu akikuagiza kungoja, hasa mtu mwenye siku chache kuliko zako, mtii. Usijitie kujua muda wake kuliko anavyoujua yeye.

Haya, nenda kabla mvua haijashuka. Mungu akupe mikono isiyo na pupa, mwanangu. Akupe watu wa kukukemea mapema, na masikio ya kuwasikia wangali hai. Na wale uwapendao akuwekee siku za kutosha pamoja nao, nawe usizipunguze kwa mkono wako.