Chuma cha Paa Letu Kimefungwa Kwenye Gari

Jina la msomaji huyu tumelificha kama alivyoomba.

Mhariri, nakuomba jina langu usilitoe, maana mama mkwe ana wajukuu wanaomsomea gazeti. Naandika Kiswahili changu cha sokoni, mnivumilie. Nina miaka thelathini na moja, watoto watatu, na tunakaa upande wa Rangwe. Mume wangu ana gari la porini, lile la turubai nyuma, alilouziwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya uhuru. Huchukua samaki Homa Bay akawapeleka Migori. Hanipigi, na hajaniletea mke mwenza. Nasema hivyo mapema ili msinionee huruma ya bure.

Shida ya gari hilo ilikuwa mbele. Barabara yetu ni mawe na mashimo matupu. Akikata kona na mzigo, bodi inacheza, usukani unamvuta, mpaka pale springi za mbele zinaposhikilia bodi pakaanza kupasuka. Fundi wa Homa Bay akamwambia, "Tafuta chuma kigumu kilichonyooka. Nitakipitisha juu ya injini nikifunge kwa nati huku na huku, pande zote mbili zishikane. Bila hivyo utaacha gurudumu njiani." Basi ikawa chuma, chuma. Anakula akiongea chuma, analala akiongea chuma.

Wasiotoka kwetu niwaeleze jambo. Nyumba ya mwenye boma, kwetu Wajaluo, ina fimbo iliyosimama juu kabisa ya paa. Tunaiita osuri. Ikisimama, kila mpita njia anajua mwenye nyumba yu hai. Akifa ndipo inatolewa. Wenzake huweka ya mti. Wangu, kwa kupenda makuu, aliweka ya chuma, ati mchwa wasije wakamtangazia kifo kabla ya siku yake.

Siku ya soko nilienda mtoni asubuhi. Kurudi, mtungi bado uko kichwani, naona juu ya paa osuri haipo. Mume hayupo, gari halipo. Kabla sijatua maji, jirani naye akaona. Uwi! Alipiga nduru mpaka ng'ombe wakakata kamba. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, wanawake mikono kichwani. Hakuna aliyeuliza nani ameitoa, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kuitoa bila kifo. Mara nasikia gari limepinduka darajani. Mara limezama. Mama mkwe akajitupa chini kwenye vumbi akilia, "Yaye, mwanangu! Mwenye boma ameniacha!"

Na mimi? Nilitua mtungi. Niliketi, nikavuta ungo, nikaanza kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani. Niliamini kabisa kwamba amekufa. Nikangoja uchungu uje. Nikasema moyoni, sasa hivi utakuja, sasa hivi. Haukuja. Nilichofikiria ni kwamba omena ile ilikuwa na mchanga mwingi.

Sijui ulikwisha lini, ule moyo wa kumlilia. Mwaka juzi nilipoharibikiwa na mimba, alirudi kutoka Migori, akaniambia pole, kisha akaomba taa aangalie gurudumu. Sikukasirika. Nilimpa taa. Labda ni hapo, labda si hapo.

Jua likiwa bado juu tukasikia honi. Huyo anaingia langoni, meno yote nje, anafungua boneti watu waone. Chuma kiko pale, juu ya injini, kimepakwa rangi nyeusi. "Yawa, mnalia nini? Chuma ni chuma! Tazameni, sasa linakata kona kama liko kwenye reli!" Wengine wakacheka, wengine wakatema mate chini wakaondoka. Mama yake akainuka na vumbi usoni, hakumwangalia yeye, alininyooshea mimi kidole. "Muulize mkeo. Boma zima limekulilia. Yeye amekaa na ungo."

Mume wangu alinitazama, akatazama ungo. Akafunga boneti polepole. Sijawahi kumwona akifunga kitu polepole.

Tangu siku hiyo gari halijatoka. Mama mkwe hali chakula cha nyumba hii mpaka chuma kirudi juu, na hataki kingine, anataka kile kile. Fundi naye ameleta ujumbe kwamba kikitoka, gari halifiki Migori. Juzi mume wangu akaja jikoni, mahali asipokujaga, akaweka spana kando ya unga wangu. "Mama watoto, sitaki kusikia ya mama wala ya fundi. Sema wewe. Ukisema kirudi, nitapanda mwenyewe. Ukisema kikae huko, nitajua."

Chuma kingine kipo Kisumu, anajua na mimi najua. Si chuma anachoniuliza.

Spana bado iko pale. Nikisonga ugali naizunguka. Yeye anashinda nje, boneti wazi, kuku wanaparamia injini, ananingoja. Ni mara ya kwanza katika ndoa yetu ananingoja mimi. Ningefurahi, kama ningeweza.

Wasomaji, akina mama na akina baba, nishikeni mkono: nimjibu nini? Neno "kirudi" ni rahisi, naweza kulisema hata leo, mama yake ale chakula chetu na anyamaze. Lakini akipanda juu ya paa, ni mimi nitakayeshika ngazi. Na ningependa, nikiwa nimesimama pale chini, niogope asianguke. Hilo mtu analipata wapi tena?