Helmeti ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa sheria moja tu maishani. Nyingine nazivunja nikipata nafasi, na mke wangu anajua, lakini hii sijawahi: hakuna anayepanda farasi wangu bila helmeti. Si kwa dakika moja, si kwa ajili ya picha, si kwa sababu umesukwa nywele jana. Nilifanya kazi ya usaisi Nairobi miaka kumi na tisa, nikiwaosha farasi wa watu, nikiwalisha na kuwatembeza, na nilimwona mwenzangu akianguka kichwa wazi kutoka kwa farasi mpole aliyekuwa amesimama tu. Hakufa. Lakini siku hizi ukimsalimia anakuuliza wewe ni nani, na mkishajuana anakuuliza tena. Tangu siku ile sina mzaha na jambo hilo, na anayetaka kuniita mkaidi aniite.

Niliporudi nyumbani, mwajiri wangu alinipa farasi jike mzee ambaye hakuwa na kazi tena, pamoja na sanduku la helmeti kuukuu: tano za watoto na moja ya mtu mzima, ambayo ni yangu. Lori lililotuleta lilipopumzika Lubao, soko ambalo hata mbwa wana bei yao, watu walilizunguka wakaniuliza anatoa lita ngapi kwa siku. Niliwaambia hakamuliwi, hachinjwi, na kulima halimi. Mzee mmoja aliniangalia kwa huruma ya kweli, akaniuliza kama nina familia.

Familia ninayo, iko Amalemba, na farasi huyo ndiye anayeilisha. Jumapili baada ya ibada, na siku za sikukuu, nampeleka kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya nyumba zetu, watoto wanapanda kwa zamu, kwa malipo. Ninavaa helmeti yangu hata nikiwa natembea tu nikimwongoza, ili watoto waone mfano. Vita vyangu ni na mama zao. Wanaogopa choa, kwa hiyo kila mmoja anakuja na mfuko mtupu wa mkate mkobani, anamvisha mtoto wake kichwani kabla ya helmeti, na mtoto anazunguka kiwanja akinukia mkate. Hilo nimelikubali. Anayetaka mwanawe avue helmeti apigwe picha, namteremsha mtoto papo hapo, na mama anaondoka akisema nimerudi na kiburi cha Nairobi.

Sasa, mwaka jana mama mkwe wangu alitoka Mayoni kuja kuonyesha magoti yake hospitalini.

Lazima nieleze jinsi tunavyoishi mimi na yeye. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Hakalii kiti nilichokalia, hagusi nguo yangu, na tukikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kwenye mahindi mwingine apite. Akija kwangu, mimi ndiye ninayekula jikoni, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Kulala kwangu halali, kwa hiyo hufikia kwa dada yake, mtaa huo huo. Sote wawili, mimi na yeye, ni Wakristo wa kukesha, lakini haya ni mambo ya heshima, na mchungaji hajawahi kuulizwa. Kwa miaka kumi na minne hatukuwa tumezungumza ana kwa ana. Akitaka kuniambia neno anamwambia binti yake huku mimi nasikia, na mimi najibu kwa binti yake huku yeye anasikia. Mke wangu anasimama katikati kama mkalimani wa mkutano wa injili.

Msifikiri tunachukiana. Ninampenda sana mama yule. Mtoto wetu wa kwanza alipolazwa, alilala sakafuni wodini usiku tisa mfululizo. Nilimshukuru kupitia kwa mke wangu, na shukrani ikipita mdomo wa mtu mwingine hufika imepoa. Jambo hilo limenikaa kooni miaka yote.

Basi alipotoka hospitalini siku hiyo, waliketi barazani na binti yake. Mimi nilikuwa jikoni na obusuma yangu, ugali wa kwetu, na paja la ingokho, kuku wetu, nikisikia kila kitu.

"Daktari amesema aje, mama?"

"Amesema haya magoti imechoka. Mwaka ujao hata kitanda nitapandanga kwa kusukumwa. Sasa nataka kupanda hiyo falasi."

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Farasi, mama?"

"Nimebebanga vitu tangu nikiwa mtoto. Maji, kuni, majani ya miwa, nyinyi wote sita mgongoni. Nataka na mimi nibebwe mara moja, kabla magoti hayajakataa."

"Si ulikuja na boda?"

"Boda inakusafirisha. Haikubebi."

Hapo nilijisahau nikapaza sauti kutoka jikoni. "Mama watoto! Mwambie mama anakaribishwa sana. Lakini bila helmeti, hapana!"

Kisha nikamsikia mama mkwe akiuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua jibu, kama hiyo helmeti ya watu wazima ndiyo ile mkwe wake anavaanga. Ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine. Za watoto zingemkaa kichwani kama kikombe.

Mke wangu alijaribu. Alisema helmeti itafuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa juani siku mbili. Alisema ataivisha mifuko ya mkate, hata mitatu.

"Utafua kofia," mama mkwe alisema. "Kichwa ya mkwe wangu iliyoingia huko ndani utafua na nini?"

Mimi jikoni nilikuwa upande wake kabisa. Wazo la mama mkwe kuvaa kofia yenye jasho langu lilinitia aibu hadi kwenye masikio. Lakini pia nilikuwa nikipiga hesabu nyingine ambayo ilinitisha zaidi. Mtoto akiyumba juu ya farasi, mimi namdaka. Ndiyo kazi yangu. Huyu akiyumba, mikono yangu hairuhusiwi kumgusa. Kwa hiyo kati ya watu wote waliowahi kumpanda yule farasi, yeye ndiye aliyehitaji helmeti kuliko wote. Nilitaka apande, kwa sababu hakuwahi kuniomba kitu chochote maishani. Na nilitaka ashuke mzima.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda mjini kwenye duka la spea za pikipiki. Helmeti ya boda haikutengenezwa kwa ajili ya farasi. Ni nzito, inaziba masikio, na mwajiri wangu wa zamani angeniona naishika angelia. Lakini ilikuwa mpya, haijaingiwa na kichwa cha mtu. Mwanamke wa duka aliniuliza saizi.

"Sijui," nikasema.

"Kichwa ya mwenyewe ni kubwa ama ni ndogo?"

"Sijawahi kukiangalia."

"Si ni mtu wako?"

"Ni mama mkwe."

"Ah," akasema. "Basi pole. Chukua kubwa."

Iliyokuwepo kubwa ilikuwa nyekundu, imechorwa miali ya moto kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na mbele ina kioo cheusi cha kufunika uso. Nililipa nikaondoka haraka kabla sijajionea huruma.

Jumamosi tukaenda kiwanjani mapema, kabla ya watu. Nilibeba meza ya jikoni awe na pa kukanyaga. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la kanisani juu ya suruali ya michezo ya mke wangu, na juu ya kitambaa cha kichwa ile miali ya moto. Najua hivyo kwa pembe ya jicho tu. Wakati wa kupanda nilimshika farasi kichwa, nikageuka, nikakaza macho kwenye pua zake. Nyuma yangu nilisikia meza ikilia, mke wangu akihema, mama akimwita Yesu, kisha tandiko likalia na kukawa shwari.

"Mwambie aende," mama mkwe akasema.

"Nenda," mke wangu akasema.

Nikaenda. Nilishika kamba, macho mbele, sikugeuka hata mara moja, nikijua nyuma yangu mke wangu anatembea kando ameshika mguu wa mama yake. Mzunguko wa kwanza ulipita salama. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, maana sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Alikuwa anacheka, peke yake, ndani ya ile helmeti.

Nilifurahi mpaka nikajisahau kuwa saisi. Katika mzunguko wa pili alimwambia mke wangu aachilie mguu, akasimame kule mwisho wa kiwanja ampige picha, kwani wenzake wa Mayoni hawatamwamini kwa maneno matupu. Hiyo ni kinyume cha sheria za kazi. Lazima pawe na mtu kando ya anayejifunza. Nilitaka kukataza. Lakini wa kunikatazia ndiye huyo huyo mkalimani aliyekuwa anaondoka. Nikaendelea kutembea na mama mkwe wangu nyuma yangu, sisi wawili tu.

Karibu na goli la mawe la watoto, kile kioo cheusi kilishuka chenyewe. Tap! Mama mkwe akaingia gizani, akapiga kelele. Farasi wangu anajua trekta za miwa, anajua ngoma za isukuti, lakini hajawahi kusikia mtu akipiga kelele ndani ya ndoo juu ya mgongo wake. Akaruka kando, kamba ikanitoka. Nikageuka.

Alikuwa anateleza polepole sana, kama gunia lililofungwa vibaya. Muda nilikuwa nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikimbia mikono imefunguka, na nilipobakiza hatua moja mikono ile ikarudi nyuma yenyewe, ikajificha mgongoni jinsi ilivyofundishwa. Mama mkwe akapita mbele ya kifua changu akaanguka chini. Helmeti ikagonga jiwe la goli. Ko!

Farasi alishika njia ya mashamba ya sukuma wiki. Mke wangu alimwona mama yake akiinuka na kukaa, akamkimbilia farasi. Nilipomlaumu baadaye alinijibu kwamba mama alikuwa ameshaanguka, farasi ndiye aliyekuwa bado anaenda.

Nikabaki nimesimama kando, nimegeukia upande mwingine.

"Mama watoto!" nikaita. "Muulize mama kama ameumia!"

Mama watoto alikuwa ameshavuka sukuma wiki.

"Niulize mwenyewe," sauti ikasema kutoka chini.

Nikageuka. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, amekiinua kioo, ananitazama usoni. Ana macho ya mke wangu kabisa, na sikuwahi kulijua jambo hilo.

"Umeumia, mama?"

"Kiuno kidogo. Kichwa hapana. Nimeona ukirudisha mikono."

"Ni heshima, mama."

"Najua ni heshima. Ungenizika na heshima yote."

Nilitaka kucheka na machozi yakanitoka, nikamwambia kila kitu kwa pupa: wodi, sakafu, usiku tisa, asante. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia.

"Hiyo ilifika zamani," akasema. "Sasa nipe mkono, nyasi iko na umande."

Nikampa. Kiganja chake kilikuwa kigumu na chenye moto, na alipokwisha kusimama hakuniachilia, kwa sababu ya magoti. Mke wangu aliporudi na farasi, akihema, ametapakaa matope, alitukuta hivyo. Alitazama mikono yetu, akamtazama mama yake, akaona afadhali ashughulike na kamba.

Mama mkwe aliivua helmeti nyekundu, akapitisha kidole kwenye ufa. Ulianzia kwenye paji ukafika sikioni. Alirudia mara mbili, akaiweka juu ya meza.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema. "Nirudishe juu."

"Mama, helmeti imepasuka," mke wangu akasema. "Ikishapasuka haivaliwi tena. Na bila helmeti hapandi mtu. Si unajua bwana yangu na hiyo sheria yake?"

"Na ni sheria mzuri," mama mkwe akasema, akanigeukia. "Wewe. Inama."

Nikainama. Alitafuta kifungo chini ya kidevu changu kwa vidole vyake mwenyewe, polepole, kwa kuwa hakukizoea, akakipata, akaivua helmeti yangu kichwani.

"Imelowa jasho," akasema, akaivaa.