Mshindi wa Kwanza Aliingia Mtoni

Cheka kama unataka kucheka, ila haya niliyaona mchana, jua likiwaka, kalamu mkononi. Sijawahi kulewa tangu nizaliwe. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita nikalea wadogo zangu wanne. Mtu wa namna hiyo anapata wapi muda wa kutunga uongo?

Lilikuwa tamasha la ngoma na muziki hapa kwetu Sitalike, baada ya mavuno, kwenye uwanja wa mpira ulio karibu na mto. Zawadi ya kwanza ilikuwa dume la ng'ombe la kulimia. Nyumbani tulikuwa na dume moja, na dume moja halivuti plau. Mdogo wangu Kulwa alikuwa anacheza kwenye kundi la ngoma ya majembe, wenzake walishakubali wakishinda dume lije kwetu, na kamati ikaniteua mimi kupanga washindi. Unadhani watu walinung'unika? Hakuna hata mmoja. Wanajua nikigawa nyama, wadogo zangu ndio wanaopata mfupa.

Wa mwisho nilimweka kijana mmoja wa bongo fleva kutoka Mpanda mjini. Jenereta lilizimika, yeye akabaki anafungua mdomo tu, sauti hakuna. Kwaya ya akina mama ikampita, maana wale hata spika zikifa wanasikika mpaka Magamba. Juu yao nikaweka wazee wa ngoma ya Kipimbwe, kwa sababu mmoja alidondosha meno ya bandia, akayaokota kwa vidole vya mguu bila kuacha mapigo.

Halafu akaja Kulwa na wenzake. Alirusha jembe juu, akazunguka mara mbili, akalidaka nyuma ya mgongo. Uwanja mzima ulipiga kelele. Moyo wangu ulikuwa umeshafunga dume la pili kwenye nira.

Hapo ndipo alipotokea yule. Mwanaume mnene, shingo haionekani, ngozi imelowa chapachapa wakati mvua tumeisahau.

"Dada mwamuzi, na mimi niandike."

"Kundi lenu liko wapi?"

"Wenzangu wamebaki mtoni. Jua hili linawachubua."

Si ningejiuliza? Sikujiuliza. Nikamwandika.

Alicheza bila ngoma. Alikanyaga mara moja, chupa za soda zikaanguka mezani. Mara ya pili, mapigo nikayasikia ndani ya kifua changu. Niamini, nilisimama nikacheza, kalamu mdomoni. Mwenyekiti wa kamati, anayetembelea fimbo, aliitupa fimbo. Yule mtu akageuka kuelekea mtoni, anacheza, na watu wote wakamfuata. Kulwa naye, jembe begani. Na kwetu ngoma haibishaniwi: anayevuta watu ndiye mshindi.

Akaingia majini akicheza. Kiuno, kifua, kidevu. Kisha yakabaki masikio mawili madogo, yanatikisika. Kando yake yakaibuka mengine, na mengine. Mmoja akapuliza pua, fuuu!

Tulikimbia. Ndala zilibaki pale mpaka kesho yake.

Uwanjani kila mtu alikana. Mwenyekiti alisema yeye alikuwa anamfuata mke wake. Mke akasema, "Mimi? Nilikuwa nyuma yako nakuita urudi!"

Kulwa akanivuta pembeni. "Dada, tuandike sisi. Kiboko atalima nini?"

"Watu walimfuata nani?"

"Dada!"

"Na wewe ulimfuata nani?"

Akalishusha jembe begani. Nikaandika wa mtoni wa kwanza, Kulwa wa pili. 

Kundi la Kulwa lilipewa sufuria. Dume likafungwa ukingoni jioni ileile, maana mwenyekiti alisema hawezi kudhulumu mtu mwenye meno makubwa vile. Asubuhi tulikuta kamba imefunguliwa. Haikukatwa, imefunguliwa. Dume linakula majani katikati ya viboko, halina wasiwasi. Mpaka leo liko kulekule, limenenepa, na hakuna anayethubutu kulisogelea.

Sisi tunalima kwa jembe la mkono. Kila tukimaliza tuta, Kulwa ananyoosha mgongo: "Dada, namba moja wako hajambo?" Namjibu achape kazi. Ila viboko wakitoka usiku wanavuruga mashamba ya watu wote, letu wanalizunguka.  Majirani wananitazama tu.

Na wewe, ukiitwa siku moja kupanga washindi kwenye uwanja ulio karibu na maji, nenda, na haki usiipindishe hata kwa ndugu yako. Lakini kabla hujamwandika mtu usiyemjua, muulize kwanza kama ana shamba.