Koti la Kompyuta

Mamlaka ya Sauti na Mawasiliano, katika taarifa iliyosomwa redioni muda mfupi kabla ya matangazo ya vifo, ilitamka kwamba enzi ya wananchi kutegemea studio za wakubwa imekwisha. Kuanzia sasa, ilisema taarifa, kila raia anaweza kurekodi muziki nyumbani kwake kwa kiwango kinachokubalika popote duniani, mradi awe na kompyuta yenye nguvu, chumba tulivu na uelewa wa msingi. Taarifa ikaongeza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, kwamba kompyuta bora kwa kazi hiyo ni ile ambayo msikilizaji hatajua kamwe kuwa ilikuwepo.

Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa akipiga pasi kola ya koti la mteja, aliisikiliza taarifa hiyo hadi mwisho, na pasi nayo ikakaa juu ya kola hadi mwisho. Ndivyo mteja alivyopata kola mpya bila kuiomba.

Fundi huyu watu walimwita Sentimita, kwa sababu hakuwahi kukubali kipimo cha macho. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akikasirika. Nyuma yake siku hiyo, kwenye kigoda karibu na dirisha, alikaa dada yake mkubwa akishona vifungo, kazi aliyokuwa akija kuifanya kila alasiri tangu alipofiwa na mumewe. Daktari alikuwa amemwambia Dada kwamba kivimbe kilichoota kooni mwake lazima kitolewe. Sauti, alisema daktari, inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu, au inaweza isirudi. Upasuaji ulipangwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao.

Sasa, mama yao alipofariki aliacha vitu viwili vya maana: mkasi na wimbo. Sentimita alirithi mkasi. Dada akarithi wimbo, ule mama aliokuwa akiuimba akishona, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeujua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sentimita mwenyewe alijua kiitikio na nusu ya ubeti wa pili, kisha alikuwa akipiga mluzi.

"Umesikia redio?" alimuuliza Dada.

"Nimesikia harufu ya kola," alijibu Dada.

Kati ya vitu vilivyotajwa na Mamlaka, chumba alikuwa nacho. Kompyuta angenunua. Uelewa wa msingi alidhani huuzwa pamoja nayo.

Alianza kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi umeme ambaye hakuwahi kukosa jibu maishani. "Shemeji, usihangaike," alisema shemeji. "Kompyuta ni RAM. Hayo mengine yote ni mapambo." Sentimita akaenda dukani akiwa na neno hilo mdomoni. Muuza kompyuta, kijana mnene aliyeitwa Profesa bila kujulikana alifundisha nini na wapi, alimsikiliza kwa huruma.

"Nani kakudanganya? RAM ni mapambo. Kitu ni prosesa."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kuhusu kuuliza watu wawili, hawakusema chochote.

"Haya, tuanze upya, mzee wangu," alisema Profesa. "Utakuwa na treki ngapi?"

"Treki ni nini?"

"Sauti. Ngoma peke yake, gitaa peke yake, kinanda, waitikiaji..."

"Sauti moja. Ya dada yangu."

"Dada na bendi?"

"Dada na mdomo wake."

Profesa akamtazama kama daktari anayetazama picha ya mfupa wa mtu mwingine. "Dada peke yake, hata hii ndogo ya wanafunzi inatosha."

"Basi nipe hiyo ndogo."

"Utajuta."

"Si umesema inatosha?"

"Inatosha leo. Kesho je? Wewe ukishona sare ya mtoto unakata kwa kipimo chake hasa, au unaacha pindo?"

Hapo Sentimita alishikwa. Katika mazungumzo yote hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoielewa, na mtu aliyezama siku nzima katika maneno asiyoyajua atakumbatia lolote analolijua, hata likiwa la kumuuzia. Kwa kuwa pindo lazima liachwe, aliuza mashine yake ya pili ya ovaloku, ile ya kufunga kingo za nguo, na kununua kompyuta ambayo, kwa maneno ya Profesa, ingeweza kurekodi okestra nzima pamoja na watazamaji wake.

Profesa aliiunga mbele yake, kipande kwa kipande, ndani ya kasha lenye ubavu wa kioo. Juu ya prosesa alipaka dawa nyeupe, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

"Hiyo ya nini?"

"Ya joto."

"Ya kulileta au ya kuliondoa?"

"Kuliondoa."

"Na feni zote hizi?"

"Kuliondoa pia. Mzee, humu ndani ni jiko."

Sentimita alitikisa kichwa kwa heshima. Aliichukulia kuwa sifa, namna wauzaji wanavyosifu, akaendelea kutazama taa za rangi.

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Kompyuta ilipowashwa kwenye chumba cha kushonea, juu ya meza ya kukatia, familia yote ilisimama kuitazama ikibadilika kutoka bluu kwenda zambarau. Kisha Sentimita akaweka maikrofoni, akakohoa ndani yake kwa majaribio, akajisikiliza. Kikohozi kilikuwepo. Kilikuwepo pia kitu kingine, mvumo mnene usiokatika, kana kwamba amekohoa akiwa ndani ya lori.

Akampigia Profesa simu. "Inavuma."

"Nguvu lazima zivume, mzee."

"Redioni walisema isisikike."

"Waliosema redioni waliwahi kununua moja?"

Akampigia shemeji. Shemeji alisema tatizo ni RAM.

Usiku huo hakulala vizuri, na asubuhi akafanya alichojua. Katika uzoefu wake hapakuwa na kasoro ya umbo, iwe tumbo, kibiongo au bega moja kushuka, ambayo kitambaa kilichokatwa vizuri hakikuweza kuificha. Alitoa futi ya kamba akaipima kompyuta kifua, kiuno na urefu, akaandika vipimo kwa chaki mezani. Akaishonea koti. Nje kitambaa kizito cha suti, kati sponji ya godoro, ndani bitana ya satini ili isikwaruzwe. Nyuma aliacha mpasuo, kama koti lolote la heshima, kisha akasikia mvumo ukitokea humo, akaushona ukafungika. Dada ndiye aliyetia vifungo.

Mkewe alisimama mlangoni. "Watoto wako sweta zimetoboka viwiko," alisema. "Kompyuta ina koti la bitana."

"Ni la muda tu, mke wangu."

"Na sweta ni za muda gani?"

Lakini mvumo ulikuwa umekwisha. Ukiweka sikio juu ya kola, ulisikia kama nyuki aliye nyumba ya jirani.

Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu, waliandaa chumba. Friji ilichomolewa. Feni ya dari ilizimwa, cherehani zikafunikwa, mkewe akawapeleka watoto kwa bibi yao mzaa mama upande wa pili wa mtaa, akarudi. Kuta zote zilikuwa zimejaa suti ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, zikinyonya kila mwangwi. Mamlaka yenyewe isingepata la kusema juu ya chumba kile. Dada alisimama mbele ya maikrofoni, mkono shingoni, akaanza.

Alianza juu mno, na kwenye mstari wa pili sauti ikapasuka. Akaomba radhi, akanywa maji ya uvuguvugu, akaanza tena. Safari hii alianza chini, wimbo ukazama kabla haujafika kwenye kiitikio. Mara ya tatu alifungua mdomo, akaufunga.

"Wimbo umenipotea," alisema.

"Pumzika, Dada. Ni koo hilo."

"Si koo. Koo nalijua, tumezoeana." Alitazama chumba chote, uso wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa. "Sijui nishike wapi. Nimeuimba huu wimbo tangu nina meno ya utoto, leo sijui unaanzia wapi."

Sentimita alikuwa amefanya kila lililoagizwa. Chumba kilikuwa tulivu, kompyuta ina nguvu hadi ya ziada, na Jumatatu ilikuwa kesho kutwa, na wimbo wa mama yake ulikuwa umesimama hapo mbele yake bila kujua njia.

Ndipo skrini ikazimika.

Akabonyeza kitufe, haikuwaka. Akakagua umeme, upo. Akashika koti na kuruka nyuma akipuliza vidole. Mkewe ndiye aliyefungua vifungo, kwa pindo la kanga, na joto lililotoka mle lilimfanya ageuze uso kama mtu anayefunua mkate tanurini.

"Si alikwambia ni jiko?" alisema mkewe.

"Nilidhani anaisifu."

Walilivua koti. Wakasubiri, wakiipepea kwa kipande cha kadibodi. Ilipowaka tena, feni zote zilianza kwa hasira, mvumo ukajaa chumba kizima, na Sentimita akafunika uso kwa mikono. Kwa hiyo hakumwona Dada akiinua kichwa.

"Iache hivyo hivyo," alisema Dada.

"Inavuma, Dada."

"Ndiyo. Kama cherehani ya Mama." Alisikiliza kidogo, akaguna chini kwa chini hadi mguno wake na mvumo vikalingana. "Mama hakuwahi kuimba mashine ikiwa imelala. Na mimi, hebu niambie, umewahi kunisikia nikiimba humu hujakanyaga mota? Mmezima kila kitu, mnataka nishike hewa."

Kwenye skrini programu iliuliza jambo kuhusu kurekodi kulikokatika. Sentimita alijibu ndiyo bila kujua amekubali nini. Kitu chekundu kikaanza kupepesa. Katika kazi yake nyekundu ilikuwa rangi ya uzi tu, hivyo hakujua kama hii ilimaanisha heri au hatari, na hakuthubutu kuuliza, kwa sababu Dada alikuwa ameshaanza kuimba. Aliimba wote. Aliimba hata ubeti wa nne, ambao Sentimita alikuwa amesahau kwamba upo, na ambao, kwa miaka yote, alikuwa akiupigia mluzi.

Kilichopepesa kilikuwa heri. Wimbo ulihifadhika, na mvumo pia, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Profesa alijitolea kuuondoa mvumo huo kwa programu maalumu, akauondoa kweli, hakikubaki hata kivuli chake. Dada alisikiliza kazi hiyo safi kwa makini siku moja kabla ya kulazwa.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

Wakarudisha ule wenye mvumo.

Sauti ilirudi nusu. Dada huongea sasa kama mtu anayekunong'oneza siri, na watu humsogelea karibu hata akiulizia bei ya vitunguu. Kuimba hajajaribu. Koti lipo, limetundikwa ukutani pamoja na suti zisizo na wenyewe, na mteja mmoja amekwisha kuliulizia saizi. Alasiri Dada huja kushona vifungo kama zamani, na kabla hajaketi kwenye kigoda humwomba mdogo wake aiwashe kompyuta. Hakuna wimbo unaopigwa wala programu inayofunguliwa. Huwashwa tu, ikavuma, naye akatunga uzi kwenye sindano.