Kiti cha Nyuma

Kwenye karakana ya baiskeli za msaada, kila anayeomba huulizwa swali moja: utabeba nini? Wengine husema maji, wengine mboga. Mama Dobi alisema, "Mume wangu. Namkokota kwa miguu mpaka kliniki. Kile kilima tunapumzika mara tisa."

Fundi hakucheka. Akafunga kiti kipana juu ya keria, na chini yake vyuma viwili vya mgonjwa kuwekea miguu.

Foleni ya kukabidhiwa ilikuwa ndefu. Jina lake lilipofikiwa, mume alikuwa na wiki tano kaburini. Mama Dobi alikwenda kuichukua baiskeli hivyo hivyo, kama mtu anayerudia nguo alizosahau kwenye kamba.

Baiskeli si haba, tuseme ukweli. Zamani alifulia nyumba tatu, sasa saba. Furushi la nguo hukaa kwenye kile kiti, limetulia kuliko mgonjwa. Majirani, na midomo yao, humwambia nyota yake imeng'aa. Huitikia "Ndiyo," akaendelea kujaza upepo.

Juzi fundi alimsimamisha. "Mama, hivi vyuma vinakukwaruza bure. Nivikate?"

"Kata."

Msumeno ulichukua dakika mbili. Alitazama bila kupepesa, akashukuru, akapanda.

Akafika kwenye kile kilima cha kliniki, mzigo mwepesi, miguu ina nguvu. Akashuka, akaanza kusukuma. Alisimama mara tisa.