Neno Lililokataliwa

Tarehe 9 Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi alianza kusimika mfumo endeshi huria wa Unix kwenye kompyuta kuukuu ya maktaba. Saa saba kasorobo usimikaji ulikamilika, lakini hadi saa kumi mfumo ulikuwa ukimkatalia mkutubi kuingia. Meneja wa maktaba alikwisha kuamua: kompyuta isipofanya kazi leo, kesho inauzwa kama chuma chakavu.

"Mwanangu, mimi nimezeeka miguu, si akili," mkutubi alilalamika. "Nenosiri ni lilelile la asubuhi."

"Sina shaka nawe, mama. Nitajie tu."

"Nikikutajia, itabaki siri?" Akacheka, kisha akanong'ona: "Zawadi."

Fundi aliinamia kibodi, nayo ilikuwa ya Kifaransa, ambayo herufi zake hupangwa tofauti na ya Kiingereza. Asubuhi mkutubi aliandika nenosiri akifuata herufi za vitufe, kumbe mfumo uliihesabu kibodi kuwa ya Kiingereza: A iliingia kama Q, Z na W zikabadilishana nafasi. Baadaye fundi mwenyewe alirekebisha mpangilio uwe wa Kifaransa, bila kulikumbuka nenosiri. Uso ulimwiva kwa haya.

"Nisamehe, mama. Ni mimi niliyekufungia nje. Andika kilichoingia asubuhi: W, Q, Z, Q, D, I."

"Kiswahili cha wapi hicho?" mkutubi aliguna, lakini aliandika, na mfumo ukafunguka.

Mwaka mmoja baadaye, kompyuta hiyo ilikuwa na orodha ya vitabu elfu tatu na mia mbili, vyote vimeingizwa na mkutubi mwenyewe.