Upinde Hewani

Chini ya taya lake mpiga fidla wa okestra ana alama nyeusi, kama sijida kwenye paji la mcha Mungu. Mtaa mzima wa Ziwani huijua alasiri kwa fidla yake; adhana ikianza, husimamisha upinde hewani hadi iishe. Mama Kavinya, jirani yake, alipofiwa na mumewe, fidla ikanyamaza, ingawa kesho yake wakuu wa okestra wangemsikiliza mpigaji waamue kama atabaki. Mama akapita na ndoo tupu, akamwona dirishani: vidole vinakimbia juu ya nyuzi, upinde haugusi kitu.

“We jirani, unawapigia malaika?”

“Pole, mama. Si kuna matanga?”

“Mzee wangu hakupata usingizi wa mchana bila hiyo kelele yako. Piga, baba, apumzike.”

Mama akaigeuza ndoo, akaikalia.